Kwa mhunzi na kwa Akademia

Kila mara matokeo ya mtihani wa dola yanapotoka, wazazi wa Masisi na Walikale wanatuuliza juu ya sheria, udaktari ao uchumi. Mtoto mwenye mkono wa kuchonga ao kusuka vitunga anaulizwa kitu kimoja tu: utakula nini?

Zamani swali hilo halikuwa na nguvu, maana fundi alikula kwa kazi yake. Tukumbuke Mwindo wa Wanyanga, hadithi ambayo mzee Shé-Karisi Rureke aliisimulia mwaka 1956, na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakaichapisha mwaka 1969. Baba yake anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Baadaye wajomba zake, wahunzi, wanamfulia kiatu, suruali, shati na kofia, vyote vya chuma. Aliyechimba ngoma na aliyefua chuma, wote wawili wamo katika habari za shujaa. Ufundi haukuwa kazi ya walioshindwa masomo.

Shule za ufundi za serikali na misheni zilikuja nyuma, na hazikufanana. Mwaka 1943 furere Marc-Stanislas alianzisha Saint-Luc kule Gombe-Matadi. Mwaka 1949 ikahamia Kinshasa, na mwaka 1957 ikaitwa Akademia ya Sanaa. Kule Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake mwaka 1946. Huyu hakutaka wanafunzi waige Ulaya. Pilipili na Mwenze Kibwanga wakachora samaki, ndege na wawindaji kadiri walivyoviona kwao. Akademia ya Lubumbashi yenyewe ilianzishwa na Laurent Moonens mwaka 1951, na wale wawili wakafundisha humo.

Sisi tunapenda njia ya Desfossés, lakini tusidanganyane: yeye hakuwapa mbinu za mashine wala karatasi ya kuombea kazi. Anayetaka kufinyanga, kuchonga na kufua shaba kwa diploma, Kinshasa iko na seksioni hizo. Ila ni mbali, hakuna barabara ya moja kwa moja, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025 wakati M23 ilipoingia mji. Mzazi ahesabu nauli, nyumba, chakula na vifaa, si ada peke yake.

Na mzee anayejua ni mti gani unafaa ngoma hana diploma ya kuonyesha, akademia haimwiti kufundisha. Kwa hiyo tunawaomba wanafunzi wetu wakae naye likizo moja, na daftari, mbele ya kujaza fomu.