Jinsi ya kuifufua mashine kuukuu ya CNC kwa kidhibiti kipya

MASHINE ndogo za CNC, yaani zile zinazokata na kuchonga mbao, plastiki au alumini kwa kuongozwa na tarakilishi, zimewapa mafundi wengi wadogo uwezo ambao zamani ulikuwa wa viwanda vikubwa pekee. Lakini nyingi kati ya zile zilizouzwa mwanzoni mwa karne hii zilitegemea mambo matatu: programu ya Mach3, mfumo wa Windows XP, na tundu la printa lenye pini 25 nyuma ya tarakilishi.

Mambo hayo sasa yamekuwa kikwazo. Kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows XP mnamo Aprili 8, 2014. Tarakilishi mpya aghalabu hazina tundu hilo, na hata likiwapo, Mach3 haiwezi kulitumia kwenye Windows ya biti 64. Siku tarakilishi ya zamani inapozimika kabisa, mashine nzima hubaki pambo la karakana.

Hata hivyo, wahenga walinena kwamba mwacha mbachao kwa msala upitao, hujiketia chini. Fremu, reli, parafujo na mota havichakai kwa sababu programu imepitwa na wakati. Kinachohitaji kubadilishwa aghalabu ni ubongo wa mashine tu.

Ukaguzi kwanza

Kabla ya kununua chochote, mwenye mashine hana budi kuhakikisha kwamba mwili wake ni mzima. Kidhibiti kipya hakitibu parafujo iliyochakaa wala reli iliyolegea. Meza isogezwe milimita 10 mbele kisha irudishwe, huku ikipimwa kwa geji. Isiporejea pale ilipoanzia, kuna ulegevu unaopaswa kurekebishwa mwanzo.

Hatua ya pili ni kupiga picha za nyaya zote na kuziwekea alama kabla ya kufungua hata moja. Vilevile, waya wa mota usichomolewe kamwe kwenye draiva wakati umeme umewashwa, kwani draiva huweza kuungua papo hapo.

Njia tatu

Ikiwa draiva za zamani bado ni nzima, si lazima zitupwe. Nyingi hupokea ishara mbili tu kwa kila mhimili: moja ya hatua na nyingine ya mwelekeo. Kidhibiti chochote kinachotoa ishara hizo kwa volti zinazofaa chaweza kuziendesha. Baadhi ya vidhibiti vipya hutoa volti 3.3 ilhali draiva kuukuu hutarajia volti 5. Hapo kifaa cha kupandisha ishara huhitajika.

Njia ya kwanza ni programu ya LinuxCNC, ambayo asili yake ni taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Hutolewa bila malipo na bado inalitambua tundu la pini 25, hivyo humfaa mwenye tarakilishi ya mezani ya zamani. Huja na jaribio la kupima iwapo tarakilishi inajibu kwa haraka inayotosha; ucheleweshaji usiozidi maikrosekunde 20 ni mzuri.

Njia ya pili ni Grbl, iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud wa Norway mwaka wa 2009. Hii hukaa ndani ya kibodi kidogo cha Arduino Uno, na tarakilishi yoyote yenye USB huitumia amri kupitia programu kama Universal Gcode Sender. Grbl huendesha mihimili mitatu na hutoa hadi hatua 30,000 kwa sekunde. Anayetaka zaidi hutumia grblHAL au FluidNC, ambazo huhitaji vibodi vyenye nguvu zaidi.

Njia ya tatu ni kubaki na Mach3, ila kwa kidhibiti cha USB kinachokuja na programu-jalizi yake. Humfaa aliyeizoea na hataki kujifunza upya.

Hesabu isiyokwepeka

Kidhibiti kipya hakijui vipimo vya mashine mpaka kiambiwe. Mota ya kawaida ya stepa huchukua hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Draiva ikizigawa kila moja mara 8, hatua huwa 1,600. Parafujo inayosogeza meza milimita 5 kwa mzunguko huhitaji basi hatua 320 kwa kila milimita.

Meza ikiamriwa kwenda milimita 100 na ikaenda 50, si hitilafu ya kidhibiti; draiva imewekwa kugawa mara 16, na tarakimu sahihi ni 640. Lakini mgawanyo mkubwa hula kasi. Kwa Grbl, hatua 320 huruhusu milimita 5,625 kwa dakika, ilhali 640 huruhusu takriban 2,812 tu.

Michoro ya zamani nayo ichunguzwe. Grbl haielewi amri za mkato za kutoboa kama G81, zinazokubalika katika Mach3 na LinuxCNC. Programu inayotengeneza njia za kisu sharti iagizwe kuandika kwa lugha ya kidhibiti kipya.

Usalama

Nchini Kenya, ambako umeme wa nyumbani ni volti 240, vifaa vya kugawa umeme vyenye swichi ya 110/220 vikaguliwe kabla ya kuwashwa. Vikiachwa kwenye 110 huharibika mara moja. Waya wa ethi uunganishwe kwenye fremu, na nyaya za ishara zitengwe na zile za mota ya kisu, kwani mwingiliano wa umeme huweza kuisimamisha kazi katikati au kupoteza hatua.

Muhimu zaidi ni kitufe cha dharura kinachokata umeme wa mota zenyewe. Kile kinachoituma tarakilishi ujumbe pekee hakifai kitu tarakilishi inapoganda huku kisu kikizunguka.

Jaribio la mwanzo lifanywe bila kisu, kisha kwenye kipande cha mbao kisicho na thamani. Mraba wa milimita 100 ukitoka mraba kamili, pande zote na pembe zote, mashine imerejea kazini.