Kunguru Aliyeletwa kwa Amri

Kabla ya kuja kwa mgeni ambaye habari yake ndiyo maudhui ya makala haya, ua wa Mswahili wa Unguja ulikuwa na maadui wake wa kale, nao walikuwa wakijulikana kwa majina, kwa tabia na hata kwa saa zao: mwewe, ambaye huzunguka angani bila ya kupiga bawa mpaka amwone kifaranga aliyejitenga na mamaye, kipanga, ambaye haonekani ila akiwa amekwisha kushuka, na bundi, ambaye hofu ya watu juu yake ni kubwa kuliko dhambi zake. Dawa ya mwewe ilikuwa mtoto mmoja mwenye sauti kali aliyewekwa kando ya uwanda, na koo mwenyewe, ambaye akikiona kivuli kinapita mchangani huwaita wanawe chini ya mbawa zake. Kunguru naye alikuwapo, yule mwenye kifua na shingo nyeupe kana kwamba amevaa kizibao juu ya joho jeusi. Lakini huyo alikuwa ndege wa kujitenga, mwenye hadhari nyingi, na wahenga walipotaka mfano wa mtu anayeikwepa hatari mapema walisema kuwa mwoga kunguru hukimbiza ubawa wake. Kijana wa leo wa Mombasa au Dar es Salaam, aliyezoea kumwona kunguru akimnyang'anya mtoto andazi mkononi, ana haki ya kustaajabu ni vipi ndege huyo alipata kuwa mithali ya woga. Jawabu ni kwamba kunguru wa methali na kunguru wa andazi si ndege mmoja.

Huyu wa pili asili yake ni Bara Hindi na nchi zilizo karibu nayo, na alikuja kwetu kwa amri ya serikali. Ili kuifahamu amri hiyo yapasa kuukumbuka mji wa Unguja ulivyokuwa katika karne ya kumi na tisa: bandari tajiri ya karafuu na pembe, yenye majumba ya mawe na milango ya nakshi, na wakati huohuo mji ambao taka zake zote, tangu maganda ya nazi na matumbo ya samaki hata mizoga, zilikuwa zikitupwa pwani zingojee maji kujaa yazichukue, na maji, kama ajuavyo kila mkaazi wa pwani, hayachukui kitu ila huja nacho tena. David Livingstone, aliyefika hapo mwaka 1866 kabla ya safari yake ya mwisho, aliuchezea mji jina lake akaligeuza liwe jina la uvundo. Miaka michache baadaye, 1869 na 1870, kipindupindu kiliingia na kuua watu maelfu kwa maelfu, na tabibu James Christie, aliyekuwapo mjini, akayaandikia maradhi hayo kitabu kizima kilichochapwa London mwaka 1876.

Mwaka 1890 Unguja ikawekwa chini ya himaya ya Waingereza, na mwaka uliofuata balozi wao, Sir Gerald Portal, kijana ambaye hata umri wa miaka thelathini na tano alikuwa bado hajaufikia, akaanza kuipanga upya dola ya Sultani Ali bin Said kana kwamba anapanga kabati la mtu mwingine: mapato yakatengwa na mfuko wa Sultani, Sultani akakatiwa posho, na Lloyd Mathews akawekwa kuwa Waziri wa kwanza. Katika mambo hayo makubwa liliingia na hili dogo, ambalo huenda ndilo lililodumu kuliko yote. Mji wa Bombay ulikuwa na kunguru wasiohesabika, wenye shingo ya kijivu na mwili mwembamba, ambao huishi na watu tu na hawana makao mbali na watu, nao walikuwa wakisifiwa kwa kula kila kilichooza. Basi karibu na mwaka 1891 wakaagizwa kutoka huko, wakapakiwa merikebuni, wakafunguliwa Unguja wafanye kazi ya ufagizi. Hawakudai mshahara wala nyumba, na kwa mhasibu wa serikali yoyote hiyo ni sifa isiyopingika. Walakini pwani yetu ilikuwa na methali ya pili, fupi kuliko ile ya kwanza, isemayo kuwa kunguru hafugiki. Nayo haikutafsiriwa kwa Balozi. Portal mwenyewe hakukaa kuyaona matunda ya amri yake, kwani alipelekwa Uganda mwaka 1893 na akafariki London mwezi wa Januari 1894 kwa homa ya matumbo, ambayo ni maradhi ya uchafu.

Hapana budi kumfanyia insafu ndege huyu: kazi aliyoletewa aliifanya, na angali anaifanya. Kosa lilikuwa katika hesabu ya wale waliodhani kuwa mlaji wa mizoga hutosheka na mizoga. Kunguru huyu hula kilichokufa pindi kinapopatikana, kisha hugeukia kilicho hai, na hapo bustani ndiyo hulipa deni la jaa. Hukaa juu ya mwembe au mkungu akatazama kimya; humwona chozi akiingia na kutoka katika kichaka kile kile mara kwa mara akiwa na kitu mdomoni, naye hutambua maana yake; na mzazi akishaondoka yeye huteremka, akala mayai, au akangoja makinda yanenepe kisha akayatoa moja moja. Viota vya mnana, vinavyoning'inia mwisho wa makuti ambako nyoka huvifikia kwa shida, yeye huvitatua kwa mdomo kama mshonaji anayefumua pindo. Shore, kurumbizi na tetere wote wamo katika daftari lake. Kwa upande wa kuku, mwewe alikuwa akichukua kifaranga mmoja akaenda zake, lakini kunguru hawa huja kwa shauri: mmoja humchokoza koo kwa mbele mpaka amfukuze, na mwenziwe huchukua kwa nyuma. Mwewe mwenyewe hakusalimika nao, maana wakimwona hukusanyika wakamwandama kwa makelele mpaka aihame anga yao, na hivyo adui wa kale wa ua akafukuzwa na adui mpya, na kifaranga asipate faida yoyote.

Ilipofika mwaka 1917 serikali ileile iliyowaagiza iliwatangaza kuwa ni ndege waharibifu, ikatoa na ujira kwa atakayeleta kunguru aliyeuawa au mayai yake. Kwa Waislamu wa kisiwa hapakuwa na haja ya tangazo, kwa sababu hadithi mashuhuri ya Mtume humtaja kunguru, pamoja na mwewe, nge, panya na mbwa mkali, katika viumbe ambao hata aliye katika ihramu ya Hija ana ruhusa ya kuwaua. Hata hivyo watu hawakuwa na chuki tupu juu yake, maana ni kunguru pia aliyemfundisha Kabili namna ya kumzika ndugu yake. Na miongoni mwa Mabaniani wa mjini, ambao huwawekea kunguru chakula katika siku za kuwakumbuka wazee wao waliofariki, ndege huyu alikuwa na heshima ya jamaa aliyetoka nyumbani.

Kisiwa hakikuwatosha. Kunguru huyu ni msafiri wa merikebu, hupanda bandari moja akashuka nyingine bila ya cheti, na kwa njia hiyo ameenea Aden, Bandari ya Sudan na Durban, na aliwahi kufika hata pwani ya Uholanzi. Mombasa alionekana mwaka 1947. Baadaye akashika Malindi, Lamu, Tanga na Dar es Salaam. Waswahili wa Mombasa wengi humwita kurabu, neno litokalo katika ghurabu ya Kiarabu, na kwa hilo wamefanya vyema, maana wamempa jina lake pasina kumchanganya na yule wa kizibao cheupe. Watu wa Bara nao humwita kunguru wa Zanzibar. Jina hilo mimi naliona kuwa ni dhulma ndogo, kwa kuwa kisiwa hakikumzaa wala hakikushauriwa juu ya kuletwa kwake.

Hila za kumpunguza zimekuwa nyingi. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 Unguja, kwa msaada wa Ufini, ilifanya kampeni ya mayai, mitego na sumu, wakapungua sana, na ndege wadogo wakaanza kusikika tena mjini. Msaada ulipokoma, kunguru wakarudi. Mtego uliofaa kuliko yote ni tundu kubwa la waya lenye nyama na kunguru wachache walio hai ndani yake, ambao huwavuta wenzao. Mlango wake uko juu, na ndege huingia kwa kukunja mbawa, lakini atakapo kuruka nje hana nafasi ya kuzikunjua. Huyo hakukimbiza ubawa wake kwa wakati. Sumu nayo, iliyobuniwa Marekani dhidi ya ndege waharibifu wa mifugo na mashamba, hutiwa katika nyama na kumuua kunguru taratibu, na sehemu kubwa yake huyeyuka mwilini mwake hata mzoga usimdhuru sana atakayeula. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza azma ya kuwaua milioni moja.

Milioni moja ni hesabu kubwa, ila kila kunguru katika hiyo amelishwa na mtu. Nenda asubuhi kwenye soko lolote la samaki la pwani, au nyuma ya hoteli yoyote, utaona lile jaa la mwaka 1891 lipo, limehama mahali tu, na wafagizi wake wako kazini. Ama yule kunguru wa methali, mwenye kizibao cheupe, amekuwa nadra katika miji yetu ya pwani. Anayetaka kuwaonyesha wanawe ndege huyo akiwa makundi kwa makundi, na apande gari aende Nairobi.