Mshambuliaji wa Klabu na wa Taifa

Leo hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma habari za mtu ambaye kazi yake ni kucheza mpira. Hiyo nayo ni historia, maana ina tarehe zake, ina mahali pake, na ina sababu zake.

Ninyi mnaokaa Songea mnaujua Uwanja wa Majimaji. Wengi wenu mmesimama pale kuwatazama Wanalizombe, na mmewasikia watu wakimpigia kelele mchezaji wa mbele: "Funga! Funga!" Akifunga, jina lake huimbwa njia nzima mpaka nyumbani. Asipofunga, hutukanwa njia hiyo hiyo. Je, ni haki? Liwekeni swali hilo moyoni, tutalirudia.

Mchezaji huyo wa mbele twamwita mshambuliaji. Wazee wetu walimwita sentafowadi. Kazi yake ni kukaa karibu na lango la wapinzani na kutia mpira wavuni. Mshambuliaji tutakayemsoma leo ni Mbwana Samatta. Alizaliwa mwezi wa Desemba mwaka 1992, akakulia Mbagala, Dar es Salaam. Alianza kujulikana katika timu ya African Lyon, kisha mwaka 2010 akaingia Simba. Hakukaa sana. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Kongo katika mashindano ya klabu bingwa ya Afrika. Simba ikashindwa, lakini wakubwa wa Mazembe walimwona kijana yule, wakamnunua.

Hapo mwalimu na atundike ramani. Tafuteni Lubumbashi, mji wa shaba, kusini kabisa mwa Kongo. Mtanzania hapati taabu kubwa ya lugha kule, kwa kuwa watu wa mji ule husema Kiswahili, ingawa Kiswahili chao kina mwendo wake. Na kuna jambo litakalowapendeza ninyi watu wa Songea: Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa wa Kibenediktini, yaani watawa wa shirika lile lile la Peramiho. Katika miaka ya Samatta, klabu hiyo ilikuwa tajiri. Iliwachukua wachezaji kutoka Zambia, Ghana, Mali na Ivory Coast. Mwaka 2010 ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya klabu bingwa ya dunia.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Andikeni tarehe hizi nne katika madaftari yenu.

Tarehe 31 Oktoba 2015, Mazembe ilicheza fainali ya Afrika mjini Algiers na timu ya USM Alger. Kalaba, mtu wa Zambia, alifunga bao la kwanza. Samatta akafunga la pili kwa penalti. Wenyeji walirudisha moja. Mazembe ikashinda 2 kwa 1, tena ugenini.

Tarehe 8 Novemba timu zile zilirudiana Lubumbashi. Samatta alifunga tena kwa penalti, na mwishoni kabisa Assalé wa Ivory Coast akaongeza la pili. Mazembe ikatwaa kombe. Katika mashindano yale Samatta alifunga mabao 7, na hakuna mchezaji aliyemzidi.

Tarehe 14 Novemba, siku 6 tu baadaye, Samatta alikuwa Dar es Salaam, amevaa jezi ya Taifa Stars. Wapinzani walikuwa tena Waalgeria, lakini safari hii ilikuwa timu yao ya taifa, nao walikuwa wakitafuta nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Maguri alifunga, Samatta akafunga, Tanzania ikawa mbele mabao 2 kwa bila. Fikirini furaha ya uwanja ule! Lakini Slimani wa Algeria alirudisha yote mawili. Mchezo ukaisha sare, 2 kwa 2.

Tarehe 17 Novemba walirudiana katika mji wa Blida, karibu na Algiers. Tanzania ilifungwa mabao 7 kwa bila.

Mabao saba, ndugu zangu. Nami sipendi kulipunguza neno hilo.

Haya, fanyeni hesabu. Tangu tarehe 8 mpaka tarehe 17 ni siku ngapi? Ni siku 9. Je, katika siku 9 mtu aweza kusahau kucheza mpira? Hawezi. Miguu ilikuwa ile ile, na kichwa kile kile. Kilichobadilika ni watu waliokuwa nyuma yake na ubavuni mwake, na ukubwa wa adui aliyekuwa mbele yake. Mshambuliaji hapiki chakula, yeye hupakua. Jikoni pakiwa hapana kitu, atapakua nini? Klabu yenye fedha ikikosa beki, yaweza kwenda sokoni ikanunua beki Mali. Taifa halina soko hilo. Taifa hucheza na watoto liliowalea lenyewe, na kama halikuwafundisha wakiwa na miaka 10, halitawapata wakiwa na miaka 20.

Mwezi wa Januari 2016, mjini Abuja, Samatta alipewa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka 2015 miongoni mwa wanaocheza ndani ya Afrika. Mwezi huo huo akaenda Ubelgiji, katika klabu ya Genk. Huko alikaa miaka 4. Msimu wa 2018 na 2019 Genk ilikuwa bingwa wa nchi, naye alifunga mabao 23 katika ligi. Wabelgiji wakampa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika.

Mwaka huo huo wa 2019, nyumbani kulikuwa na jambo kubwa. Taifa Stars haikuwa imecheza fainali za Mataifa ya Afrika tangu mwaka 1980. Tarehe 24 Machi ilicheza na Uganda Dar es Salaam, nahodha akiwa Samatta. Tanzania ilishinda 3 kwa bila, na miaka 39 ya kungoja ikaisha. Nani alifunga? Msuva, Nyoni na Aggrey Morris. Nahodha hakufunga hata moja, wala siku ile hakuna aliyemwuliza.

Kule Misri mambo yalikuwa magumu. Tulifungwa na Senegal, na Kenya, na Algeria. Mchezo wa Kenya ndio uliouma zaidi. Mara mbili tulikuwa mbele, na bao la pili lilikuwa lake Samatta, lakini Wakenya walishinda 3 kwa 2.

Novemba 2019 alifunga kwa kichwa katika uwanja wa Liverpool, Uingereza, ingawa Genk ilishindwa. Januari 2020 akanunuliwa na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Machi alifunga kwa kichwa katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, na timu yake ikafungwa na Manchester City 2 kwa 1. Lakini katika ligi alipata bao 1 tu. Villa ilikuwa timu dhaifu, ikihangaika isishushwe daraja, na mipira haikumfikia. Kabla mwaka haujaisha alikwenda Uturuki, kisha akacheza tena Ubelgiji, na baadaye Ugiriki.

Nawaongezea tarehe moja. Tarehe 21 Januari 2024, katika fainali za Afrika kule Ivory Coast, Tanzania ilicheza na Zambia. Dakika ya 11 Samatta alipata mpira. Alikuwa na miaka 31, na ameona mengi. Hakupiga. Alimpenyezea Msuva, Msuva akafunga. Mchezo uliisha 1 kwa 1.

Kabla ya somo lijalo, kila mwanafunzi aandike mistari 5 kulijibu swali letu la mwanzo, la yule mchezaji anayetukanwa njia nzima. Kisha someni majibu yenu mbele ya wenzenu. Kwaherini.