Upinde wa Wawata

Katika nyika ya Tsavo, nchini Kenya, Wawata waliwinda ndovu kwa upinde mrefu usiovutika ila na mtu mwenye nguvu. Sumu ya mshale, yenye kusimamisha moyo, ilipikwa kutoka mti wa msunguti. Kisha chembe kikavikwa ngozi ili isikauke. Silaha hiyo haikuhitaji baruti, wala haikutoa mlio.

Mwaka 1948 Tsavo ilifanywa hifadhi ya taifa. Mwaka 1956 na 1957 wawindaji wengi walikamatwa na kufungwa. Mwaka 1960 mpango wa Galana ulijaribu kuwapa uwindaji wa halali, lakini mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Basi upinde huo haukushindwa na bunduki, bali na sheria; na maarifa yasiyotumiwa huzikwa pamoja na wenyewe.