Mipangilio

Neno hili limetoka kwenye kitenzi *panga*, kikazaa *pangilia*, yaani kupanga kwa utaratibu, kisha *mpangilio*. Katika kompyuta hutumika kwa wingi: mipangilio ni mahali ambapo mtumiaji huamua programu ifanye kazi vipi.

Kuipata ndiyo kazi. Kwa miaka mingi kivinjari cha Firefox kwenye Linux kiliiweka chini ya menyu ya kuhariri, kikiiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mapendeleo. Kwenye Windows ilikuwa chini ya menyu ya zana, kwa neno lenye maana ya machaguo. Kitu kimoja, majina mawili, milango miwili! Aliyefuata maelekezo ya Windows akiwa kwenye Linux alitafuta asichoweza kukiona. Kiswahili kina bahati hapa, kwani *mipangilio* hubeba yote mawili.

Programu-jalizi, kile kijiprogramu kinachojaliza uwezo wa kivinjari, ina mipangilio yake, tofauti na ya kivinjari chenyewe. Njia ya mkato kwenye Firefox ni kuandika about:addons katika upau wa anwani. Orodha ikifunguka, hubonyezwa vitone vitatu vilivyo kando ya jina la programu-jalizi, na humo ndimo mipangilio ilimo. Isipokuwepo, si lazima kuwe na hitilafu: baadhi ya programu-jalizi hazina cha kupangiliwa, hivyo menyu huishia kwenye kuondoa na machaguo mengine machache tu.