Gharama ya Kutofungamana: Kulisoma Azimio la Arusha kama Waraka wa Siasa ya Nje

Azimio la Arusha husomwa zaidi kama waraka wa uchumi: benki zilizotaifishwa, mashamba ya mkonge, masharti ya uongozi. Makala haya yanadai kwamba ni waraka wa siasa ya nje pia. Asiyezingatia yaliyoisibu Tanzania mwaka 1964 na 1965 hawezi kuelewa kwa nini Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, ilizikemea kwa ukali kiasi kile fedha za wageni.

Mkasa wa Wajerumani unatosha kulionyesha hilo. Zanzibar ya Mapinduzi iliitambua Ujerumani Mashariki, ilhali Tanganyika ilikuwa na uhusiano na Ujerumani Magharibi, iliyokuwa ikitishia kuachana na nchi yoyote itakayomtambua hasimu wake. Muungano wa Aprili 26, 1964 ukazirithi ahadi zote mbili. Rais Nyerere akatafuta suluhu: ubalozi wa Ujerumani Mashariki ulioko Zanzibar ufungwe, nchi hiyo ipewe ubalozi mdogo Dar es Salaam bila kutambuliwa rasmi. Ujerumani Magharibi haikuridhika, Februari 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi, wakiwemo wakufunzi wa kikosi cha anga. Rais hakubembeleza. Aliwataka waondoe na misaada yao mingine yote ya kiserikali. Desemba mwaka huohuo Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kwa kushindwa kuwazima walowezi wachache waliojitangazia uhuru Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa.

Wapo wanaouita msimamo huo ukaidi wa maskini. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu uko kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, nyumba zao zikateketezwa. Mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akiidai ardhi hiyo. Alisikilizwa na kuungwa mkono na wengi, lakini azimio la kuwatetea Wameru likakosa theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Miaka tisa kabla ya uhuru, Watanganyika walikuwa wamekwisha kuona kwamba kusikilizwa na wakubwa si sawa na kutendewa haki.

Kutofungamana, basi, hakukuwa kukaa katikati. Wachina walipokuwa wakipima njia ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia yenye kilomita 1,860, Wakanada walikuwa bado wanalifundisha jeshi. Msaada ulipokewa kutoka pande zote, mradi mtoaji asidai kuichagulia nchi marafiki.

Kipimo hicho kinatufaa leo, hasa katika jiji la Arusha, ambalo ndilo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine, Kenya na Rwanda ziliunga mkono. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini hazikuegemea upande wowote. Siiti kura hiyo woga, kwani dola ndogo ina haki ya kukwepa ugomvi wa wenye mabomu. Ninachokataa ni kuihalalisha kwa jina la Nyerere. Mwaka 1965 Tanzania ililitaja kosa, ikamtaja na mkosaji, ilhali bado ilikuwa ikiuhitaji mkopo wake.