Hojaji za Hisia: Kutoka Tafsiri Rejeshi hadi Kuwasikiliza Wajibuji

Mwaka 1988, David Watson, Lee Anna Clark na Auke Tellegen walichapisha nchini Marekani hojaji ya hisia iitwayo PANAS. Ina maneno 20: kumi ya hisia chanya na kumi ya hisia hasi. Mjibuji hulipa kila neno alama kuanzia 1 hadi 5. Kwa kuwa ni fupi na rahisi kuitumia, ilitafsiriwa katika lugha nyingi. Katika insha hii ninajadili jinsi wataalamu walivyothibitisha kwamba tafsiri inapima kilichokusudiwa.

Njia iliyozoeleka iliitangulia PANAS. Mwaka 1970, Richard Brislin alieleza tafsiri rejeshi: mfasiri mmoja hutafsiri hojaji, mwingine asiyeiona matini ya awali huirudisha katika lugha ya kwanza, kisha matini hizo mbili hulinganishwa. Baadaye hukokotolewa alfa ya Cronbach, iliyoelezwa mwaka 1951, ili kuona kama majibu ya kundi moja la maneno yanakwenda pamoja.

Kwa maoni yangu, hatua hizi ni za lazima lakini hazitoshi. Tuchukue neno "ashamed", lililo katika hisia hasi. Mfasiri wa Kiswahili anaweza kuandika "kuona aibu" au "kuona haya". Yote mawili yatarudishwa kuwa "ashamed", na ulinganisho utaonekana sawa. Hata hivyo, haya ni sifa njema pia; asiye na haya hulaumiwa. Kwetu Uganda, neno la Kiganda "ensonyi" nalo hubeba aibu na haya kwa pamoja. Kijana mwenye adabu akijipa alama 5, atahesabiwa kuwa na hisia hasi nyingi. Alama kama hizo zikitumiwa kuchagua wa kupewa ushauri nasaha, adabu itachukuliwa kuwa ugonjwa.

Mwaka 2007, Edmund Thompson alichapisha toleo la kimataifa lenye maneno 10, baada ya kuwauliza watu wa mataifa mbalimbali wanavyoyaelewa maneno hayo. "Proud", ambalo kwa Kiswahili laweza kuwa fahari au majivuno, liliachwa. "Ashamed" lilibaki.

Kwa hiyo, toleo la kimataifa halimwondolei mfasiri kazi yake. Kabla ya kukokotoa chochote, wajibuji waulizwe: neno hili kwenu lina maana gani, na husemwa kumhusu nani? Hapo ndipo mwanafunzi wa lugha anapohitajika kando ya mwanasaikolojia.